Jumamosi Tudor: magogo yaliyotobolewa
Wadau hamjambo, Jumamosi maji yakipwa tukutane Tudor, hapa Mombasa, kwa mikoko, mje na buti za mpira. Tutapasua magogo yaliyotobolewa muone wenyewe. Aliyeyatoboa, yule yule anayetoboa mashua zetu (Kiingereza humwita shipworm), si mdudu wala mnyoo, ni jamii ya chaza, na mbao hazimeng'enyi peke yake, kwenye matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, kunaishi bakteria ndo wanaotengeneza vimeng'enya (kemikali za kusaga chakula) vinavyosafiri hadi tumboni kuvunja mbao, alafu kwa vile mbao haina naitrojeni ya maana ya kujengea mwili kuna bakteria humo humo wanaompatia hiyo pia. Mi hii kitu hunishangaza sana wallahi. Ndo huyo wazee wetu walimzuia kwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa wa kupaka mashua. Watoto waleteni, lensi ninazo mbili.