Kabla hujamtoa Bibi wodini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia Bibi yako anaruhusiwa kesho na utakaa naye kwako. Mimi nafika Jumamosi, lakini dawa hazisubiri Jumamosi.

Najua kesho itakavyokuwa, nimekaa dirisha la dawa hadi nastaafu. Mara malipo, mara gari, halafu unakabidhiwa mfuko wa bahasha zilizoandikwa 1x3, 1x1, na nyuma yako foleni inanung'unika. Waache wanung'unike. Pitieni bahasha moja moja na mfamasia: hii ni ya nini, anakunywa saa ngapi, mpaka lini. Kisha uliza jambo ambalo wengi hawaulizi: kati ya dawa zake za zamani, anaacha ipi?

Nasisitiza kwa sababu ya lile kopo la Blue Band analoweka chini ya kitanda. Humo mna Daonil. Umeniambia daktari amemwachisha glibenklamidi, ile dawa ya kisukari, kwa ajili ya figo. Basi Daonil ndiyo hiyo hiyo glibenklamidi, ni jina la biashara tu. Karatasi ya hospitali itasema imeachwa, na Bibi ataendelea kuinywa kwa moyo mweupe, kwani nani kamwambia aache Daonil? Figo zikiwa dhaifu, dawa hiyo hukawia mwilini na sukari hushuka vibaya. Ukimwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, usiseme ni uzee. Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari upesi, kisha rudini hospitali hata kama amepata nafuu, maana inaweza kushuka tena. Akiwa hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mumkimbize.

Kwa hiyo kopo zima lipeleke wodini kesho, mfamasia asome kila jina.

Humo utakuta na diklofenaki ya magoti, anayonunua mwenyewe dukani. Hiyo inapandisha presha na kuumiza figo. Magoti yanamuuma kweli, kwa hiyo usimnyang'anye tu. Omba wamwandikie kitu kingine. Na mizizi ya kuchemsha muulize taratibu, bila kumgombeza. Ukimgombeza ataificha, na kwa kuficha namjua mama yangu.

Furosemidi, ile ya kutoa maji, apewe asubuhi. Ukimpa jioni atakesha akienda chooni, na njia ya choo chako ina kile kizingiti.

Mgawaji awe mmoja kwa kila wakati. Mchana ukiwa kazini ni dada wa kazi, basi mwandikie kwa Kiswahili cha kueleweka, "kidonge kimoja baada ya chakula cha mchana", na aweke alama kwenye daftari kila akimpa. Bila daftari utarudi usikie "nadhani alikunywa", na ukimwongezea kwa kubahatisha umempa mara mbili. Bahasha ziwe juu, watoto wasizifikie.

Dawa ya presha ikikaribia kwisha kabla ya tarehe ya kliniki, usingoje tarehe. Yeye atakwambia amepona, na kipimo nacho kitaonyesha presha nzuri, kwa sababu anakunywa dawa. Nenda ukaongeze.

Nimekutumia hela kidogo kwenye simu. Ukishatoka dirishani nipigie, unisomee bahasha zote kabla hujamfungulia hata moja.

Mama yako