Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: zile rasta, matuta madogo ya kupunguza mwendo, ulizotuahidi pale shuleni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni muuza maziwa. Kila siku saa 11 alfajiri natoka nyumbani na madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, napiga pedeli kilomita 9 hadi mjini, saa 4 niko njiani narudi. Kazi hii nimeifanya miaka 14 na ndiyo inayosomesha watoto. Sikupenda kukuandikia barua ya kusomwa na kila mtu. Lakini ofisini kwako nimefika mara tatu, mara zote nikaandika jina na namba kwenye daftari la wageni, nikaambiwa nitapigiwa simu. Namba sijabadilisha.

Jumanne iliyopita binti wa dada yangu, kidato cha pili, alikuwa anakwenda shule kwa baiskeli. Yuko kushoto kwake, anafuata ukingo kama tunavyowafundisha. Mbele likatokea lori la pamba, na nyuma ya mtoto basi. Dereva wa basi hakupunguza mwendo wala hakusubiri lori lipite. Alipiga honi tu. Mtoto akatoka kwenye lami, na pale lami imeliwa na maji, kutoka juu hadi kwenye udongo ni zaidi ya shibiri. Tairi la mbele likateleza, akaangukia mtaroni. Basi likaenda zake.

Mimi ndiye niliyemkuta, narudi kutoka mjini, madumu matupu yanagongana nyuma. Nilianza kuona ndala moja katikati ya lami. Kisha nikaona madaftari, na kila gari likipita upepo wake unafunua kurasa. Ringi la mbele lilikuwa limepiga nane. Yeye alikuwa amekaa kwenye nyasi ameukumbatia mkono wake, halii, ananiuliza kama baiskeli inatengenezeka. Mkono umevunjika mahali pawili. Sasa ana hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko, na mitihani ya muhula ndiyo hii imeanza. Ni mkono wa kuandikia.

Mheshimiwa, naomba nikukumbushe. Mwaka juzi ulikuja kijijini kwetu, ukafanya mkutano wa hadhara chini ya mwembe, mita chache tu kutoka barabarani. Mama mmoja alisimama akauliza kuhusu magari yanayokimbia mbele ya shule. Ulimjibu kwamba kabla ya masika kuisha tutaona rasta pande zote mbili za shule na kibao cha 50. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Masika yale yakaisha, na mengine yakaja yakaisha, na mbele ya shule hakuna kilichowekwa.

Labda ukiwa kwenye gari barabara ile inaonekana pana. Mimi nimeipima kwa kamba, nikaipima na mwalimu kwa futi kamba: lami ni mita 6, mabega ya barabara hayapo. Lori moja lina upana wa mita mbili na nusu. Malori mawili yakipishana yanabaki na mita moja tu ya lami, nusu huku, nusu kule, na hapo sijahesabu vioo vya pembeni. Baiskeli yenye madumu mawili haienei katika nusu mita. Kwa hiyo kila yanapokutana magari makubwa mawili na mimi nipo, mmoja lazima atoke, na ni mimi. Nikichelewa kutoka, upepo wa lori kwanza unanisukuma nje, halafu mkia wake ukipita unanivuta ndani. Anayeendesha baiskeli anaujua huo mvuto. Lita 40 za maziwa zikiyumba nyuma, usukani haushikiki.

Hatuna njia nyingine. Huku Usukumani baiskeli ndiyo gari letu. Inabeba maji, mkaa, dengu, pamba ya kupeleka kwenye kituo cha ununuzi, inabeba mjamzito kwenda zahanati. Shinyanga mjini baiskeli za abiria zinaitwa daladala, na watu wamejenga nyumba kwa hizo. Tulipokuwa na barabara ya vumbi tulikohoa, lakini gari lilikuwa linatambaa na dereva anakuona. Lami tuliiomba wenyewe na tunaishukuru. Hakuna aliyetuambia kwamba ingekuja bila mahali pa sisi kupita.

Tena tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku kucha, saa 11 alfajiri ninayotoka mimi ndiyo saa dereva amechoka, anataka kufika. Nadhani hapo ndipo penye tatizo, ingawa mimi si mtaalamu. Msimu wa pamba ukifunguliwa malori nayo yanakimbilia vinu, maana anayewahi ndiye anayepata safari ya pili. Na askari wa tochi za kupima mwendo wanakaa upande wa mjini. Madereva wanapeana taa, wakishawapita wanafidia muda waliopoteza, na wanaufidia kwetu.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa penye makazi, na magari makubwa hayaruhusiwi kuzidi 80 popote. Kwa 80, gari linakwenda mita 22 kwa sekunde moja. Nimezihesabu kwa hatua: ni kutoka geti la shule mpaka kwenye duka la pembejeo. Mtoto akijikwaa getini, dereva aliye dukani ana sekunde moja. Mwalimu wa jiografia amenisomea pia kwamba Februari 2020, kule Stockholm, mawaziri na wawakilishi wa nchi nyingi walikubaliana iwe kilomita 30 pale magari yanapochangamana na watu wa miguu na baiskeli. Mimi sijaomba 30. Naomba hiyo 50 iliyo kwenye sheria yetu.

Kibao kilikuwepo zamani, upande wa daraja. Imebaki nguzo iliyokatwa, fupi kama kisiki. Wanasema kimekwenda kwenye vyuma chakavu. Kama ni vijana wa kwetu, tuambiwe, tutakaa nao kikao na kibao kipya tutakilinda. Sisi upande wetu tumejitahidi: wauza maziwa 11 tumechanga, tumenunua riflekta, tumeshona vipande vingine nyuma ya madumu. Nikienda kwa mhandisi wa halmashauri naambiwa barabara ile si yake, ni ya mkoa. Nikienda mkoani naambiwa maombi yapitie wilayani. Wilayani ni kwako.

Naomba mabega ya barabara. Naomba ule ukingo ufukiwe kabla ya mvua za vuli. Naomba tochi ije upande wetu, hata mara mbili kwa wiki. Haya najua yana bajeti na yana vikao, na nimeambiwa hivyo mara nyingi. Basi, Mheshimiwa, kama yote hayawezekani, naomba rasta zile ulizozisema kwa kinywa chako. Rasta tu, pande mbili za shule. Shule zinafungwa Juni na kufunguliwa Julai. Naomba zikifunguliwa watoto wazikute.

Binti yetu ameuliza akitolewa hogo ataendaje shule. Ni kilomita 7. Baiskeli fundi ameshaitengeneza, ipo ukumbini, na mama yake ameifungia kwa kufuli.

Mimi baada ya saa 4 huwa nyumbani kila siku. Ukifika nitakupeleka mahali penyewe. Mburuzo wa tairi lake kwenye ukingo bado unaonekana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuza maziwa wa baiskeli