Kuona Mji wa Kale hakuhitaji basi la meli

Mhariri,

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kati ya Novemba na Machi, meli za watalii hurudi Kilindini, bandari ya Mombasa, na huku Nairobi simu huanza kulia. Shangazi aliye Uingereza, binamu aliyeolewa Ujerumani au rafiki wa zamani wa kazini amepanda meli na atashuka Mombasa kwa siku moja. Swali huwa lile lile: anunue ziara inayouzwa melini, au ashuke mwenyewe mkutane mjini? Sisi tunaopanga safari za pwani tunajibu hivi: kwa Mombasa mjini, ashuke mwenyewe. Kwa Tsavo, anunue ya meli. Kinachoamua ni saa.

Wauza ziara melini husema jambo moja la kweli: basi lao likichelewa, meli inalisubiri, teksi yako ikichelewa, haikusubiri. Mengine wanayoongezea, kwamba mji ni hatari na nje ya lango hakuna usafiri wa kuaminika, mkaazi yeyote wa mtaa wa Ganjoni, Mombasa, atayacheka. Kwa hivyo chunga saa, hayo mengine yatajipanga.

Tuseme meli imefunga gatini saa mbili asubuhi na inaondoka saa kumi na moja jioni. Wengi huona hapo saa tisa za kutembea. Hazipo. Maafisa wa uhamiaji na wa afya hupanda kwanza, kisha waliolipia ziara za meli hushushwa mbele ya wengine, hivyo anayejitegemea hukanyaga ardhi karibu saa tatu, pengine na nusu. Upande wa pili, abiria hutakiwa wawe ndani nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Saa hiyo ndiyo ya kuandika kiganjani, si ile ya kung'oa nanga. Ikiwa ni saa kumi na nusu, toa saa moja na nusu nyingine kwa ajili ya foleni za magari, ukaguzi langoni na ajali ya lori ambayo hakuna aliyeipangia. Mgeni awe langoni saa tisa. Zimebaki saa tano na nusu, au sita akibahatika. Zinatosha kabisa kwa kisiwa cha Mombasa, lakini hazitoshi kwa Diani.

Halafu kuna mtego wa saa zenyewe. Meli huandika 16:30. Dereva wa tuk-tuk husema saa kumi na nusu. Mgeni aliyeokota Kiswahili kidogo, au mtoto wa ughaibuni aliyekikulia nusu nusu, akiambiwa "saa kumi na moja" huweza kudhani ni kabla ya adhuhuri. Tumieni tarakimu za saa 24 katika ujumbe wote. Tena, meli ikitoka Ushelisheli imetoka mahali palipo saa moja mbele yetu, na si kila nahodha hurudisha saa za melini nyuma. Simu ya mgeni itajirekebisha yenyewe ikinasa mtandao wa Kenya, na akiifuata atachelewa kwa saa nzima huku akiamini amewahi. Afuate saa ya melini, na kabla ya kushuka aitazame na kuilinganisha na simu yake.

Kuhusu stakabadhi, mwenye pasipoti ya kigeni aulize mapema, kabla ya kusafiri, kama kibali cha kuingia nchini cha eTA, kilichochukua nafasi ya viza Januari 2024, anakiomba mwenyewe au meli inawashughulikia abiria kwa pamoja. Asingoje kuuliza siku ya kushuka. Mwenye pasipoti ya Kenya asiiache kabatini, maana makavazi yetu hutoza raia ada ndogo kuliko mgeni, na bila kitambulisho atahesabiwa mgeni. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebwe pia, sababu tutaieleza mbele. Na mifuko ya plastiki ya dukani ibaki chumbani. Imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017.

Sasa wewe mwenyeji wa Nairobi. Kosa kubwa ni kupanda treni ya Madaraka Express ya saa mbili asubuhi siku ile ile. Inafika kituo cha Miritini mchana, na kutoka Miritini hadi kisiwani bado kuna zaidi ya kilomita kumi za barabara. Mgeni wako atakuwa anatazama saa yake. Panda ya saa tisa alasiri siku iliyotangulia ulale Mombasa, au ya saa nne usiku inayofika kabla ya alfajiri. Kurudi, kuna ya saa nne usiku. Tikiti za daraja la kawaida, shilingi 1,500, huisha upesi msimu wa Desemba, kwa hivyo nunua mapema kwa *639#. Lakini siku tatu kabla, fungua orodha ya meli zinazotarajiwa ndani ya siku kumi na nne, ambayo Halmashauri ya Bandari huiweka kwenye tovuti yake, uhakikishe jina la meli na tarehe. Ratiba iliyochapishwa mwaka mmoja kabla si msahafu.

Usiende kumngojea gatini. Kilindini ni bandari ya makasha na malori, imefungwa, na huingii bila kibali. Abiria nao hawaruhusiwi kuranda humo kwa miguu. Hupelekwa langoni kwa gari. Hata lango lenyewe si mahali pa kukutania, kwani magari hufukuzwa na madereva hugombania wageni kwa kelele. Kutaneni Mapembeni, pale penye pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo hata asiyejua Mombasa hazipotezi. Mahali na saa mpange kabla hajatoka melini, maana intaneti yake itakatika akishuka ngazi. Wekeni na saa ya pili: msipoonana saa nne, mngojane tena saa nne na nusu papo hapo.

Bei ya tuk-tuk isemwe kabla ya kupanda, na isemwe ni ya safari nzima au ya kichwa. Ugomvi mwingi tunaousikia chanzo chake ni hapo. Noti ndogo ni muhimu. Noti ya elfu moja kwa safari ya mia mbili au tatu huzua hadithi ya kukosa chenji.

Mzunguko wetu hauanzii Fort Jesus, kwa sababu mabasi ya meli huanzia huko. Anzeni Marikiti, soko la viungo, wakati wafanyabiashara wangali na nguvu na jua halijachachamaa. Iliki na karafuu zinunuliwe nzima, kwa kipimo, baada ya kunusa. Pilau masala iliyokwisha kusagwa na kufungwa haijulikani ina miezi mingapi. Zafarani inayouzwa rahisi si zafarani. Kutoka hapo Mtaa wa Biashara ni hatua chache, na huko ndiko kwa leso. Leso huuzwa jozi, na mgeni asomewe jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa, asije akampelekea mama mkwe mafumbo ya uke wenza.

Kisha teremkeni Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vina kivuli asubuhi, na milango ya nakshi, roshani za mbao na Msikiti wa Mandhry havina tiketi. Mabega na magoti yafunikwe. Watu waombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Papasi atawafuata akijiita mwongozaji. Mkitaka mwongozaji, chukueni mwenye leseni, mkubaliane bei na muda, mlipe mwishoni. Siku ya Ijumaa maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu hadi saa nane, na mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana mtaani ni cha kutafuta. Ratiba ya meli haiangalii hayo, nyinyi yaangalieni.

Kufikia saa sita mabasi yamekwishaondoka ngomeni. Ingieni sasa. Malipo ni kwa eCitizen, kwa hivyo wewe mwenye M-Pesa ndiye utakayelipa. Mgeni mwenye dola mkononi hatasaidika. Ngome hii Wareno walianza kuijenga 1593, na tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Msikimbilie mizinga. Ingieni chumba chenye vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Taná, meli ya Wareno iliyozama hapo chini mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome, halafu mkapumzike Nyumba ya Waomani, juu kule ambako upepo wa bahari hauna kizuizi. Saa moja na nusu ni kiasi cha haki.

Zimebaki saa za chakula na za njia. Wenye haraka wale biriani palepale mjini. Sisi tungependelea mpande tuk-tuk hadi ufukwe wa Mama Ngina mkanywe madafu na kutafuna mihogo ya kukaanga chini ya mibuyu, kwa kuwa hapo mko tayari upande wa bandari na hakuna daraja wala feri kati yenu na meli.

Hilo la daraja na feri ndilo huwaponza wengi. Diani iko ng'ambo ya Likoni. Foleni ya magari kwenye feri hutegemea feri ngapi zinafanya kazi siku hiyo, jambo ambalo huwezi kulijua saa mbili asubuhi. Barabara ya Dongo Kundu inaikwepa feri, lakini inakupeleka kwanza katika msafara wa malori ya bandarini. Haller Park ya Bamburi inawezekana, mkiacha Mji wa Kale na kuvuka daraja la Nyali kurudi kabla ya saa nane. Tsavo Mashariki ni kama kilomita mia moja hadi lango la Bachuma, kwa barabara ambayo lori moja likilala Mariakani husimamisha nchi. Anayetaka ndovu wekundu ndani ya siku moja alipie basi la meli bila kinyongo. Hapo hanunui ziara. Ananunua ahadi ya kusubiriwa.

Mkimlipa dereva arubuni, iwe ndogo, na mwandikiane itakuwaje meli isipotia nanga. Meli huruka bandari kwa sababu ya upepo au mgonjwa, na anayerudishiwa pesa bila kubishana ni aliyenunua ziara ya meli.

Na akiachwa? Melini, maafisa wakiona mtu hajarudi, kwa kawaida hufungua kabati lake, huchukua pasipoti na kumwachia wakala wa meli aliye bandarini. Nambari ya wakala huyo huwa imechapishwa kwenye karatasi ya ratiba inayowekwa chumbani. Ipigwe picha kabla ya kushuka, pamoja na pasipoti yenyewe. Atakayeachwa hujilipia nauli ya ndege hadi bandari inayofuata, na ikiwa ni Zanzibar au Ushelisheli, ile kadi ya homa ya manjano inaweza kudaiwa. Dawa za kila siku zisiachwe chumbani, hata kama ni za mchana mmoja.

Mgeni akisharudi ndani, wewe bado una saa nyingi hadi garimoshi la usiku. Usiondoke Mama Ngina. Meli ikitoka Kilindini kuelekea bahari kuu haina njia nyingine ila mlango huo wa bahari ulio mbele yako, na hupita karibu kiasi cha kutofautisha watu sitahani. Mwambie asimame upande wa kushoto, avae kitu chekundu.

Wapanga safari wawili,
South B, Nairobi