Barua kwa mwanangu: toa hizo kazi kumi na tano

Lamu, Mkomani

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Wa baada ya salamu, huku hatujambo. Goti la mamako limetulia na punda wa ami yako amezaa. Nimepata habari kwamba studio ya tatu ya kutengeneza gemu uliyoiomba kazi ya uchoraji imekujibu kwa mistari miwili tu. Nikamkalisha kakako barazani anisomee matangazo yote ya kazi uliyoyaomba, neno kwa neno. Alichoka kabla yangu.

Kilichonishangaza ni cheti. Nilidhani kingetajwa mwanzo, kumbe pengi kimepitiwa juujuu, au wameongeza kwamba ujuzi unaolingana nacho unatosha. Potifolio, yaani mkusanyo wa kazi zako za kuonyesha, ndiyo hawaiachi. Wanataka kuona mkono, na hilo nalijua. Kijana akija karakanani simwulizi alisoma wapi. Nampa patasi na kipande cha mbambakofi, nakwenda kunywa kahawa, nikirudi jibu nimeshalipata.

Basi tukaifungua yako. Kazi kumi na tisa! Nne zimenipendeza, hasa lile jahazi lililopandishwa ufukweni Matondoni. Nyingine ni za kujifunzia. Kakako ananiambia wengi wanaoanza Blender, hiyo programu ya kuchongea vitu kwenye kompyuta, huanza na donati, ndiyo maana na wewe unayo. Huyo anayechagua watu ameshaziona donati hadi zimemkinai. Ungetengeneza hata mahamri.

Nikwambie kisa ambacho mamako anajua nusu yake. Ulipokuwa darasa la sita alikuja mwenye hoteli kutoka Malindi, anataka milango minane. Mbele nilikuwa nimemsimamishia mlango wa maua na mnyororo, nimeupaka mafuta ukang'aa. Akaupita. Akaenda pembeni kwenye mlango uliopinda, nilioshindwa kuutupa kwa uchungu wa mbao. Akaupapasa, akashukuru, akaenda zake. Ule mzuri ulimwonyesha ninachoweza siku nikiwa na bahati. Yeye alitaka kujua ni kazi ya namna gani ninakubali kuiacha isimame dukani. Toa hizo kumi na tano, mwanangu. Nne zinatosha.

Na hizo nne usizionyeshe sura peke yake. Onyesha na ule wavu wa mistari ulio chini ya rangi. Kakako amenieleza kwamba gemu huchora picha upya mara 30 au 60 kwa sekunde moja, kwa hiyo mlango uliojazwa pembe nyingi zisizo na kazi unaukokota mchezo mzima. Fundi mwenzako akiuona wavu atajua kama umehesabu au umebahatisha. Mimi pia mlango naugeuza nyuma kwanza.

Jambo jingine ni hili la kujiandika kwamba unachora wahusika, unatengeneza mazingira, unaandika programu na muziki juu. Matondoni aundaye jahazi si lazima awe ndiye ashonaye tanga. Studio kubwa huajiri mtu wa kazi moja, na ndogo, yenye watu watano au sita, humtaka anayeweza kushika mbili tatu. Wewe moyo wako uko kwenye majumba na vichochoro. Liandike hilo juu kabisa, mengine yafuate kulingana na unayemwandikia.

Tangazo moja linataka aliyewahi kumaliza gemu ikatolewa kwa watu. Ulilalamika: anayeanza ataitoa wapi? Tengeneza ndogo, hata ya dakika tano, lakini iwe na mwanzo na mwisho, na mtu baki aicheze. Kuna Global Game Jam, iliyoanza 2009, watu hukusanyika Januari wakatengeneza gemu kwa saa 48 hivi. Ingia humo na watu usiowajua. Utajifunza kugawana kazi, na kuambiwa "hii haifai" bila kununa, maana kununa unajua, ulikurithi kwangu.

Sitaki pia nikufiche. Mwaka 2023 na 2024 makampuni ya gemu yaliachisha kazi maelfu ya watu, wengine mafundi wa miaka mingi, na hao nao wanaomba. Kwa hiyo jibu la mistari miwili usilichukulie kama hukumu juu yako. Ukiitwa wakakupa kazi ya majaribio, soma vipimo vyake kabla hujafungua kompyuta. Wengi huharibu hapo, huleta kitu kizuri ambacho hakikuombwa.

Jana nimeupima mlango wa nyumba ya bibi yako, ule wa kichochoroni. Vipimo vyote viko nyuma ya karatasi hii, na picha kakako atakutumia usiku mtandao ukipata nguvu. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, una ufa upande wa kushoto, na chini mbao zimelika kwa miguu ya watu na punda kusugua pale pale. Ukiuchora, ufa usiuzibe.

Babako