Barua kwa somo yangu: nyimbo ulizoniuliza

Yokohama

Somo yangu mpenzi,

Assalam aleikum. Nimeona nisikujibu kwa ujumbe wa sauti, nikuandikie kabisa, upate kitu cha kurudia kusoma.

Nimeisikiliza sauti yako uliyonitumia baada ya arubaini ya kaka. Umesema wageni wameshatawanyika, majamvi yamerudishwa msikitini, na sasa kila mtu anakuambia ujikaze. Ukasema pia kwamba ikipita bodaboda na dereva amevaa kofia nyekundu, shingo inageuka yenyewe, ilhali jeneza lilitoka nyumbani unaliona kwa macho yako. Halafu ukaniuliza ule wimbo uliokuwa ukisikika nyuma yangu tulipoongea ni wimbo gani, maana hukuambulia hata neno moja na bado ulikuliza.

Unaitwa "One more time, One more chance", umeimbwa na Masayoshi Yamazaki, ulitoka mwaka 1997. Jina ni la Kiingereza lakini maneno karibu yote ni ya Kijapani. Sasa sikiliza unachosema. Kuna mtu anamtafuta mtu wake. Anamtafuta kwenye jukwaa la treni la upande wa pili, kwenye dirisha la uchochoroni, njia panda, ndotoni, hata pembeni mwa gazeti. Na kila anapotazama anakiri palepale kwamba huyo mtu hawezi kuwa mahali kama hapo. Anakiri, kisha anatazama kwingine. Katika sehemu hizo kuna moja anayoitaja kwa jina, Sakuragichō, nayo iko hapahapa Yokohama. Mimi hushuka stesheni hiyo nikienda mjini. Watu wanagusisha kadi getini na kupotea kila mmoja na njia yake, nami tangu niyaelewe maneno yale siwezi kupita pale bila kutazama nyuso. Somo, ile kofia nyekundu yako imo ndani ya wimbo huu. Huna kichaa, na hujakosa imani. Kuna Mjapani mmoja alikuwa na hali hiyohiyo akaitungia wimbo, na taifa zima likaitikia.

Nikueleze na mengine, kwa sababu nyimbo hizi ndizo zilizonishika mkono mimi huku ugenini.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wimbo wanaouomba kuliko wote ni "Ue o Muite Arukō" wa Kyū Sakamoto, wa mwaka 1961. Mtu anatembea peke yake usiku, anatazama juu ili machozi yasidondoke. Basi, ni hivyo tu. Aliyeandika maneno, Rokusuke Ei, alikuwa ametoka kwenye maandamano ya kupinga mkataba wa usalama kati ya Japani na Marekani, amevunjika moyo kwa kuwa mkataba ulipita. Lakini hayo hakuyataja, akabakiza machozi na nyota, ndiyo maana kila mwenye jambo lake anaingia humo. Mwaka 1963 ukashika namba moja Marekani, ukiimbwa kwa Kijapani hivyohivyo, ila wakaupachika jina la chakula, "Sukiyaki". Sakamoto mwenyewe alifariki tarehe 12 Agosti 1985 katika ajali ya ndege iliyotoka Tokyo kwenda Osaka; walikufa watu 520. Alikuwa na miaka 43. Katikati ya wimbo anapiga mluzi, na tunaye mzee mmoja ambaye siku hizi hata jina la mwanawe linampotea, lakini ikifika sehemu ile anaukunja mdomo na kupiga mluzi ule mpaka mwisho, bila kukosea.

Naupenda sana, lakini wewe nisingekuanzishia huo. Ni wimbo wa kuyazuia machozi, na wa kukuambia uyazuie umeshawapata wa kutosha.

Hikaru Utada huenda umeshamsikia. "First Love" aliitoa mwaka 1999 akiwa na miaka 16, na albamu yenye jina hilo iliuza zaidi ya nakala milioni 7 nchini Japani. Haijatokea albamu nyingine huku iliyoipita. Huo ni wa kuachana na mpenzi, unaanza na busu la mwisho lenye ladha ya tumbaku. Uweke akiba. Ninaotaka uusikie ni wa baadaye. Mama yake, Keiko Fuji, alikuwa mwimbaji mkubwa wa enka, zile nyimbo za huzuni wanazozipenda watu wazima wa huku. Alifariki mwaka 2013, wakati Utada amepumzika kuimba. Alipofungua mdomo tena mwaka 2016 alikuja na "Hanataba o Kimi ni", yaani shada la maua kwa ajili yako, ukawa unapigwa kila asubuhi mwanzoni mwa tamthilia ya televisheni ya NHK, watu wakiandaa watoto waende shule. Mstari wa kwanza unasema: asubuhi ile, wewe ambaye huwa hujipodoi, ulikuwa umepodolewa kidogo. Mtu anayesikia huku anakunywa chai anadhani ni bibi harusi. Lakini huku maiti hupakwa vipodozi vyepesi usoni kabla ya kuagwa. Wewe uliyekulia kwenye taarab unajua mtu anavyoweza kusimama jukwaani akaimba ua, na mwenye jambo lake akaelewa haliimbwi ua. Mimi nilipolielewa hili la vipodozi niliweka chini nilichokuwa nimeshika, nikakaa.

Na sasa wa kwako hasa. "Nada Sōsō". Jina ni la lugha ya Okinawa, visiwa vya kusini kabisa, maana yake machozi yanabubujika. Maneno ni ya Ryōko Moriyama, ambaye kaka yake alifariki angali kijana. Miaka mingi ikapita. Ndipo kundi la Begin, watu wa kisiwa cha Ishigaki, wakampa muziki ulioshapewa jina hilo, naye akauandikia maneno ya kaka yake. Mwaka 2001 ukaimbwa na Rimi Natsukawa, naye ni mzaliwa wa Ishigaki, na sauti yake ndiyo watu wengi wanayoijua. Tafuta huo wa Natsukawa, utasikia na sanshin, ala yao ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya nyoka.

Anafungua albamu ya picha za zamani na kunong'ona asante. Anaikumbuka tabasamu ya mtu aliyekuwa akimtia moyo, siku za jua na siku za mvua. Jioni anaiomba nyota ya kwanza kutokea, na hiyo imeshakuwa mazoea yake. Anasema kumbukumbu zikififia atazitafuta, na siku zikirudi, machozi yatatoka. Neno kaka halimo. Neno kifo halimo. Wala hajifanyi kuwa amepoa, na miaka yote ile imepita.

Kazini tunaye mama mmoja wa makamo, mtu wa Okinawa, msemaji kidogo sana. Tulipokwenda karaoke na wenzetu, vijana waliimba weee, matari yanalia, zamu yake ikafika akachagua huo. Aliishika maikrofoni kwa mikono miwili. Akaimba vizuri mpaka kiitikio cha mwisho, akanyamaza. Kwenye skrini maneno yaliendelea kubadilika rangi, neno moja baada ya jingine, muziki unakwenda, na hakuna aliyemsaidia kuimba. Hata wale vijana. Mstari ule wote ukapita mtupu. Uliofuata akaudaka, akamaliza. Akajifuta uso kwa kitaulo cha moto, akatumiminia chai sote, na aliyefuata akachagua wimbo wake. Hakuna aliyemuuliza ni nani, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Somo, nilitamani ungekuwapo.

Kuna na "Lemon" ya Kenshi Yonezu ya mwaka 2018. Babu yake alifariki akiwa katikati ya kuitunga, na unasikia jinsi wimbo ulivyogeuka mikononi mwake. Nzito ile. Hiyo ngoja kwanza.

Nakutumia ya Yamazaki, ya Utada na ya Natsukawa. Usizisikilizie dukani wateja wakiwa wamesimama, wala usimwekee mama mpaka uwe umezisikia wewe mwenyewe. Nada Sōsō isikilize ukiwa na zile picha za kaka. Na ile aliyopiga Raskazone na pikipiki mpya, nitumie nami, kwangu haipo.

Nikitoka zamu ya usiku huku inakuwa saa nne asubuhi, kwenu saa kumi alfajiri. Najua saa hizo usingizi wako umeshakatika. Piga, hata kama huna la kusema.

Mpe mama salamu zangu, na umwambie dua kwa marehemu sijaziacha.

Ni mimi somo yako