Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kilifi: tupimwe sisi na nyani wa Arabuko-Sokoke kwa pamoja

Mheshimiwa Waziri, salamu nyingi kutoka Malindi, huku upande wa Kakuyuni.

Naandika wazi kila mtu asome maanake hili latuhusu sote tunaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Naomba idara yako ikae na KWS, shirika la wanyamapori, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, hapo Kilifi, waanze kupima vimelea vya malaria kwa watu na kwa wanyama wa msituni kwa pamoja, sio daktari kivyake na askari wa wanyama kivyake.

Mheshimiwa, njoo msimu wa mahindi ujionee. Mahindi yakianza kubeba watu wanahamia shambani, usiku mtu analala juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba, kuamia nguruwe, na alfajiri kabla hajashuka nyani washafika, na kule juu hakuna cha neti, ni shuka na moshi wa kuni tu na mbu wanamla mpaka kukuche. Halafu hawa ndio watu ambao mradi wa neti unawahesabu kwamba wamelala nyumbani! Ukienda Gede pale magofuni nako, kima wanachukua ndizi mkononi mwa wageni. Yaani sisi na hawa wanyama tunakaa pamoja hasa.

Sasa kuna maneno yanazunguka ati nyani ndio wanaotuletea malaria kwa hivyo wategewe sumu waishe. Si kweli, na inaniuma sana nikiyasikia. Nyani, tumbili na kima wa Afrika wana kimelea chao kinaitwa hepatosistisi, ni ndugu wa malaria lakini hakibebwi na mbu, kinabebwa na usubi. Daktari Garnham aliyefanya kazi miaka mingi hapa Kenya alikichunguza sana, na 1961 yeye na wenzake wakamtaja usubi kuwa ndiye mbebaji. Hakijulikani kumtia binadamu ugonjwa. Malaria inayotuulia watoto ni falsiparamu na hiyo mbu anaitoa kwa mtu anaipeleka kwa mtu, nyani hayumo.

Utaniuliza basi nyani wapimwe wa nini. Kwa sababu hivi vimelea vinahama toka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na vimeshahama. Hiyo falsiparamu yenyewe ilitoka kwa magorila, watafiti walionyesha hivyo 2010 baada ya kupima sampuli karibu 3,000 za kinyesi cha magorila na sokwe kutoka misitu ya Afrika ya kati. Kinyesi, Mheshimiwa! Hakuna mnyama aliyepigwa risasi ya usingizi wala kudungwa sindano, watu waliokota tu chini ya miti wakapeleka maabara.

Na kisa cha Malaysia ndicho kinachonikosesha raha zaidi. Kule Sarawak kwenye kisiwa cha Borneo wagonjwa walikuwa wanapimwa kwa darubini wanaambiwa una malaria ya malariae, ile ambayo kwa kawaida ni nyepesi, lakini wengine walikuwa wanazidiwa vibaya. 2004 ikatoka ripoti, walipopima kwa PCR, ile ile tuliyoizoea wakati wa korona, kati ya wagonjwa 208 wakakuta 120 wana nolesi, malaria ya nyani wa Asia aina ya makaki. Kwenye darubini hizo mbili zinafanana, ndio maana haikujulikana mapema. Na nolesi haichezi, inazaliana kwenye damu kila baada ya saa 24. Waliokuwa wakiugua sana ni watu wa mashambani na msituni, watu kama sisi, na hadi leo Malaysia imeshaizima malaria ya mtu kwa mtu lakini hii ya nyani bado inawasumbua.

Sisemi iko hapa. Makaki hawako Kenya. Nasema tusingoje. Kile kipimo cha haraka cha dispensari mara nyingi kimetengenezwa kushika falsiparamu, kikisema hakuna, mtu wa dungu anapewa panadol anarudi na homa yake. Mtu kama huyo tone moja la damu yake likaushwe kwenye karatasi maalum ipelekwe ikapimwe PCR, na vijana wetu wafunzwe kuokota kinyesi cha nyani na kima, njia zao tunazijua na miti wanayolala tunaijua.

Kilifi tumeshatoa damu yetu sana kwa sayansi. Ile damu ya aina ya Dantu ambayo kwingine duniani ni nadra, hapa ndipo ilipochunguzwa, na 2020 wakaeleza inavyokaza ukuta wa chembe nyekundu mpaka kimelea kinashindwa kuingia. Chanjo ya malaria ya R21 pia ilijaribiwa hapa. Twajivunia. Lakini waulize akina mama wa Jilore au Kakuyuni kama waliwahi kukalishwa barazani wakaelezwa, kwa Kiswahili, utafiti ulipata nini. Hilo nalo liandikwe kwenye mpango toka siku ya kwanza, majibu yarudi kijijini, na yule anayetaka kutega sumu aelezwe uso kwa uso habari ya usubi.

Tupangie mkutano kabla ya masika, Mheshimiwa, chifu na wazee wa hifadhi ya msitu wawepo na mtu wa KWS awepo. Sisi tutakuja.

Mkaazi wa Kakuyuni, Malindi