Barua kwa kaka yangu: mimi si rubani aliyeruka nje

Kaka, shikamoo.

Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe. Lakini simu zangu hupokei, na ujumbe unauona na hujibu. Basi naandika hapa, mwanao atasoma kwanza, kisha atakuletea.

Juzi alinitumia mchoro. Ndege pana ya pembetatu, mkia mmoja, ubavuni kaandika XH558, nambari ya ndege ya mabomu ya Waingereza iitwayo Vulcan. Akaniambia umemkemea na kwamba kwako hapachorwi ndege za kuua watu. Kaka, ndege hiyo imeingiaje katika ukoo wetu? Ni mimi niliyeileta? Mimi nilikuwa nalala kibarazani kichwa changu kikiwa kwenye paja lako, wewe ndiye uliyekuwa ukimwambia Baba, "Tusimulie ile ya Aden."

Na Baba akianza, anaanzia jikoni. Kambi ya Khormaksar kule Aden, Yemen ya leo, magunia ya viazi vya askari wa Kiingereza, joto la kumkaanga mtu akiwa hai. Kijana wa miaka kumi na tisa, kamfuata mjomba wake ng'ambo kutafuta riziki. Ndipo Vulcan ikaja, ikirudi kutoka Australia na New Zealand, XA897, nambari aliyoishika kama aya. Alisema ilikuwa kama samaki taa aliyetandaza mapezi yake juu ya mchanga, na ilipoondoka kishindo chake kiliingia kifuani kabla ya masikioni. Hadi anazeeka alikuwa akiweka kiganja kifuani akifika hapo.

Kisha sauti inashuka. Tarehe 1 Oktoba 1956, ndege ile ile iliyotoka Aden inafika Heathrow, London, mvua inanyesha, mbele hakuonekani, wakubwa wanaisubiri chini kuipokea. Magurudumu yakagonga shamba kabla ya kufika kwenye njia ya kutulia. Ikajaribu kupanda tena, ikashindwa. Rubani Donald Howard, na Harry Broadhurst aliyekaa pembeni yake, mkuu wa kikosi kizima cha ndege za mabomu, walikuwa kwenye viti vinavyomfyatua mtu nje. Wakatoka, wakapona. Waliokuwa nyuma yao walikuwa wanne. Hawakuwa na viti vile, wakafa. Baba aliamini viazi vyao vya mwisho alivimenya yeye.

"Wale wa nyuma," alikuwa akisema, halafu anaomba maji.

Ulijua hadithi ile ilikuwa na uzito gani kwake. Ndiyo maana siwezi kuisahau Jumatano ile.

Baba alifariki Jumapili ya uchaguzi, mkamzika Jumatatu. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini kwa watu, ombi langu la ukaazi halijajibiwa, na ningetoka Uingereza bila hiyo karatasi nisingerudi. Ulilijua hilo. Mama alilijua. Jumatano, siku ya hitima, ilikuwa tarehe 28 Oktoba 2015, na siku hiyo hiyo XH558, Vulcan ya mwisho duniani iliyokuwa bado inaruka, iliruka kwa mara ya mwisho kutoka Doncaster. Mimi naishi hapo, Kaka. Nilitoka zamu ya usiku ghalani, nikaenda na miguu yangu hadi kwenye uzio, na baridi ile, nikiwa na koti la Baba alilonipa siku naondoka. Nilisimama na wazee waliokuwa wakilia waziwazi. Aliyeirusha alikuwa Martin Withers, yule yule aliyeongoza shambulio la uwanja wa ndege wa Port Stanley, visiwa vya Falkland, mwaka 1982. Ilipoongeza moto ikatoa ule mlio wake, si ngurumo, ni kama kilio kinachopita kwenye matundu ya kuvutia hewa, na mimi nikajikuta nimeweka kiganja kifuani. Nikapiga picha. Nikaiweka mtandaoni, nikaandika: "Kwa Baba."

Jioni yake ukanipigia, ukafungua spika mbele ya wazee. Nikasikia vikombe, nikasikia sauti ya Sheikh akimalizia dua, nikadhani mnataka niitikie amina. Ukasema: "Huyu hapa mdogo wetu. Sisi tunamsomea Baba, yeye anatazama ndege. Wewe ndiye rubani uliyeruka nje, sisi ndio wale wa nyuma."

Na watu wakanyamaza. Hakuna aliyesema, "Muache." Hata Shangazi.

Ungenitukana tusi lolote lingine ningekwisha kulisahau. Ulichukua kitu cha Baba, kitu alichokuwa anakibeba na kuomba maji, ukanipigia nacho siku yake ya tatu kaburini.

Nataka nikueleze kuhusu wale wa nyuma, kwa sababu nadhani hujawahi kukaa mahali pao. Mimi nimekaa. Karibu na Newark kuna jumba la makumbusho lenye Vulcan, XM594. Unaingia kwa ngazi kupitia mlango wa tumboni, chini ya pua. Juu mbele kuna marubani wawili na vioo vyao. Nyuma yao, chini kidogo, kwa kawaida wamepangwa watatu: mtu wa ramani, mtu wa rada na mabomu, na mtu wa mitambo ya umeme. Wanakaa wakiangalia mkiani, mbele yao saa na vibonyezo, mwanga wa nje unaingia kwa vidirisha viwili vidogo tu. Mkanda, kiti cha kawaida, mwavuli wa kurukia mgongoni. Ndege ikiharibika wanatakiwa wainuke, wafungue mlango ule ule wa chini na kujitupa. Na kama magurudumu yameshushwa, mguu wa gurudumu la mbele uko pale pale nyuma ya mlango, unawasubiri.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1960 kampuni ya Martin-Baker ilimfyatua mtu kutoka kiti cha nyuma cha Valiant, ndege ndugu ya Vulcan, akatua salama. Wakubwa wakapiga hesabu za gharama na kazi, wakaacha. Vulcan ikaendelea kutumika mpaka 1984, na wale wa nyuma wakaendelea kukaa vile vile. Nilikaa pale hadi mlinzi akaniita nishuke. Nilimlilia Baba pale, kilio ambacho hapa sina mtu wa kukilia naye.

Sasa niambie, nani alikuwa nyuma? Wewe uliyekuwa na Mama, na majirani, na kaburi la kushika udongo wake? Au mimi niliyekuwa chumbani peke yangu, mlango uko, lakini nikijitupa nje navunja kila kitu, pamoja na pesa iliyomlipia Baba dawa za figo kwa miaka? Sisemi hivyo kukusimanga. Uliuliza swali mbele ya watu, na mimi nalijibu mbele ya watu.

Na hilo la ndege ya kuua watu. Ndiyo, iliundwa kubeba bomu la nyuklia, sitakudanganya na sitamdanganya mtoto. Ilipakwa rangi nyeupe ili mwako wa bomu lake yenyewe usiiunguze, fikiria binadamu wanaopanga jambo kama hilo. Bomu hilo halikuwahi kudondoshwa. Ilipigana vita vimoja tu, vile vya Falkland, uzeeni, ikiwa karibu kustaafishwa: saa karibu kumi na sita kwenda na kurudi kutoka kisiwa cha Ascension, ndege za mafuta zikiijaza angani, mabomu ishirini na moja, moja likatoboa njia ya kurukia. Aliyeisanifu, Roy Chadwick, alikufa kwenye ajali ya ndege nyingine mwaka 1947, miaka mitano kabla hii haijapaa. Mtu anaweza kuona uzuri wa kazi ya mikono ya wenzake na bado akachukia iliyotumwa kuifanya. Baba aliweza. Alimenya viazi vya wakoloni, akapenda ndege yao, na Uhuru ulipokuja akacheza barabarani hadi kiatu kikakatika. Hukuwahi kumwita msaliti.

Kwa hiyo kijana muache achore. Mpe karatasi. Ana mkono mzuri, na hesabu zake umeziona. Akitaka uinjinia, ada ya chuo tutagawana, na ukikataa kugawana nitalipa peke yangu kama nilivyolipa paa la nyumba ya Mama, ambalo ulisema kwa watu ni la kwako. Sikulisema wakati ule. Nimelisema sasa.

Ile picha ya Baba Khormaksar, amevaa aproni, iko kwenye kabati lako. Naomba mwanao aipige picha vizuri, mbele na nyuma, nyuma kuna mwandiko wake.

Karatasi zangu zilitoka zamani, hilo unalijua. Nakuja baada ya Idi. Shangazi yupo, Sheikh yupo, na wazee wawili watatu wa siku ile Mungu bado amewaweka. Nitawaita mimi, pilau nitalipia mimi. Nataka walisikie lile neno likifutwa na mdomo uliolisema.